Mlo wa Korongo-Shungi

Iko nchi moja imepakana na nchi zote. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake imefungiwa kabatini huko wizarani, na mwenye funguo yuko semina. Ni nchi nzuri tu. Watu wake wana adabu, hupanga foleni hata pale ambapo mbele ya foleni hakuna kitu, na viongozi wake wana huruma nyingi, huwahurumia wananchi kila wanaposhika kipaza sauti. Mimi sina ugomvi na mtu. Nasimulia nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia ana watoto wadogo, kwa hiyo naye mumwache.

Katika nchi hiyo, wilaya ya Madimbwi, kijiji cha Majitope, alikuwepo bwana afya mmoja jina lake Mlekwa Hamduni. Bwana afya mnamjua: ndiye yule anayepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, kufukia madimbwi na kugombana na watu kuhusu vifuu na makopo yanayotuamisha maji. Kwa miaka kumi na sita adui yake Mlekwa alikuwa mmoja, mbu. Alitembea na bomba la kupulizia dawa mgongoni, hata mkewe Salhina akawa anamtania kwamba siku akifa itabidi waosha maiti waanze kumvua bomba. Walikuwa na mtoto mmoja, Tunu, wa miaka sita, waliyempata baada ya kuhangaika sana, mpaka majirani walikuwa wameshaacha kuuliza.

Nyumba ya pili aliishi mjane aitwaye Bi Somoe, msuka mikeka, na bintiye Mwanahija. Mwanahija na Tunu walikuwa rika moja. Walicheza rede pamoja, wakila huku na kushinda kule, na mgeni akifika asingeweza kusema nani ni mtoto wa nani. Akina mama wenyewe walikuwa wakimwogesha yeyote aliyekuwa karibu na maji.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na kinamasi kikubwa, na ndani ya kinamasi aliishi ndege mmoja anayeitwa korongo-shungi. Nasema mmoja kwa maana ya mmoja. Wenzake wote walikuwa wamekwisha duniani, na wataalamu waliokuja kumhesabu walimaliza kazi siku ileile, ingawa posho yao ilikuwa ya wiki sita. Serikali ilimpenda ndege huyo kupita kiasi. Picha yake iliwekwa kwenye stempu, kwenye sare za wanafunzi, na kwenye kofia za polisi wa kutuliza ghasia.

Basi. Ijumaa moja alasiri ikaja barua kutoka Wizara ya Vitu Adimu na Fahari ya Taifa. Ilimtaka bwana afya wa Majitope aandae ulinganisho wa kina kati ya mdudu wa kawaida, yaani mbu, na ndege adimu, yaani korongo-shungi, kwa ajili ya hotuba ya Mheshimiwa Waziri. Chini kabisa iliandikwa kwamba jibu liwe limefika jana.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya nchi ile, maana mgeni hawezi kuelewa. Kule kuna kitu kinaitwa taarifa ya mezani. Ukiulizwa hali ya daraja, huendi kwenye daraja. Unakaa mezani, unafikiri mkubwa wako angependa daraja liweje, unaandika hivyo. Kwenda kuangalia ni utovu wa nidhamu. Ni sawa na kumwambia mkubwa kwamba anachokitaka huenda hakipo. Na watu wote, tangu karani hadi jaji, wamelelewa hivyo, hata hawaoni kwamba ni uongo. Wanaita utendaji.

Mlekwa naye alilelewa hivyo. Akajimiminia chai ya rangi, akasogeza sahani ya vitumbua, akachora mistari, mbu upande huu, ndege upande ule. Idadi: mbu, hawahesabiki, ndege, mmoja. Sauti: mbu, kero, ndege, bado haijasikika rasmi. Mchango kwa Taifa: mbu, homa, ndege, fahari. Ikaenda vizuri mpaka alipofika mahali palipoandikwa uhusiano baina ya wawili hao.

Akasita. Korongo-shungi alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, tena mgongo. Lakini akawaza, na wazo lenyewe lilikuwa la heri: nikisema ndege huyu anakula mbu, wakubwa wataona kwamba mbu ni adui hata wa ndege wao, watanipa dawa zaidi, pengine na bomba jipya. Akaandika kwamba korongo-shungi hula mbu elfu nne mia mbili na kumi na saba kwa siku. Wale kumi na saba ndio waliomaliza kazi. Angeandika elfu nne kavu, wangeuliza umejuaje. Lakini nani mwenye ujasiri wa kuhoji kumi na saba?

*

Siku ya hotuba watu walijazwa kwenye uwanja wa mpira wa wilaya. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Magubika, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na udaktari wake ulitoka kwenye chuo alichokizindua asubuhi, akatunukiwa mchana. Kabla hajasema neno ilipigwa mizinga ishirini na moja kwa heshima ya korongo-shungi. Midomo ya mizinga ilielekezwa kinamasini ili mwenye heshima yake aisikie vizuri.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "ulinganisho huu nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nilisomewa. Mbu ni wengi. Ndege ni mmoja. Ndege anakula mbu. Sasa nawauliza, na mnijibu mkiwa mmekaa: mtu anayeua mbu, anaua nini?"

Watu wakatazamana. Hawakuzoea kuulizwa.

"Anaua mlo," Waziri akajijibu. "Na anayeua mlo wa mtu amemuua mtu. Humu wilayani mwenu kuna watu wanapuliza dawa. Kuna watu wanalala ndani ya chandarua, wamejifungia na damu yao, wakati ndege wa Taifa anashinda njaa. Huo ni uchoyo, ndugu zangu. Tumelelewa hivyo na wazazi wetu? Chenye wingi kimtumikie mwenye uhaba. Ninyi mko wengi. Sisi viongozi mkituhesabu hatufiki mia. Kwa hiyo mnajua nani amlinde nani."

Mlekwa, pale alipokaa, jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi. Alitaka kusimama aseme jamani, sivyo, mimi nilikusudia kinyume chake. Na kweli alisimama. Lakini wakati huohuo jina lake lilikuwa linaitwa, watu wakadhani anaitika wito. Akasukumwa jukwaani, akavishwa shada, akapewa cheti cha Mshauri wa Taifa wa Ulinganisho na kiti cha ofisini cha kuzunguka. Akaamriwa akikalie watu waone. Akakikalia. Kiti kikamzungusha taratibu mpaka akawapa mgongo wananchi, na mpiga picha akapiga hivyohivyo.

Angeweza kusema baadaye, mtasema. Jioni ile angeweza. Kesho yake pia. Salhina alimwuliza, "Baba Tunu, hivi huyo ndege anakula mbu kweli?" na yeye akajibu kwamba mambo ya kiofisi hayaletwi mezani pa chakula. Ukweli ni kwamba kiti kilikuwa kizuri. Miaka kumi na sita alikuwa akikaa kwenye ndoo ya dawa iliyogeuzwa.

*

Sheria ya Mlo wa Ndege ilipitishwa wiki hiyohiyo, wabunge wote wakiwa wameunga mkono pamoja na wawili waliokuwa marehemu. Vyandarua vilikusanywa kijiji kwa kijiji, vikashonwa kuwa nyavu za magoli na mapazia ya ukumbi wa Wizara. Bomba la Mlekwa lilichukuliwa kwa heshima zote, bendi ikipiga, likawekwa kwenye makumbusho pamoja na silaha za wakoloni. Kufukia dimbwi likawa kosa. Kuvaa mikono mirefu baada ya saa kumi na mbili jioni kukaitwa kuficha chakula, na mgambo wakawa wanapita jioni wakikagua mikono ya watu, wameshika fimbo.

Kisha ikatokea tatizo la makofi. Mtaalamu mmoja aligundua, bila shaka akiwa mezani, kwamba mtu anapopiga makofi huenda katikati ya viganja kuna mbu. Makofi yakapigwa marufuku. Kwa wiki mbili viongozi walihutubia, wakamaliza, wakasimama wakisubiri, na uwanja mzima ukawa kimya mpaka unasikia mbuzi wanatafuna. Viongozi watatu waliugua shinikizo la damu. Ikabidi sheria irekebishwe haraka: makofi yaruhusiwe kwenye mikutano ya serikali peke yake, baada ya mpigaji kufungua viganja na kukagua. Hiyo ndiyo sheria pekee ya nchi ile iliyowahi kurekebishwa kwa sababu ya maumivu.

Shuleni watoto walifundishwa wimbo. Tunu na Mwanahija waliuimba wakicheza rede, mbu ni wengi, ndege ni mmoja, wakirukaruka, na mikono yao imejaa vipele. Mlekwa akawa anaingia ndani wanapoanza.

*

Mvua za masika zikaja. Madimbwi yakajaa, mbu wakanenepa. Mimi sikuwapima, lakini walionusurika wanasema mbu wa mwaka ule walikuwa wakitua unasikia uzito. Homa ikaingia nyumba ya kwanza, ya tatu, ya tisa. Mwanzoni watu walizikana vizuri kwa zamu, baadaye zamu zikagongana.

Jumatatu asubuhi Tunu aliamka anatetemeka, meno yanagongana, macho yamebadilika rangi. Mlekwa akambeba mgongoni mpaka zahanati. Muuguzi, dada mmoja mstaarabu, alimpima joto, akamfunika, kisha akaanza kupanga vitu vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Mbona humpi dawa mseto?" Mlekwa akauliza.

"Bwana afya, dawa imeondolewa. Ilikuja taarifa kwamba damu yenye dawa ni chungu, kwa hiyo mbu aliyeinywa naye anakuwa mchungu, na ndege anaweza akamtema."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa. Tena na tarakimu. Ndege hutema mbu thelathini na sita kwa kila mia."

Mlekwa alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alipozisikia zile tarakimu aliijua meza iliyozizaa, akaona hata sahani ya vitumbua. Akauliza dawa iko wapi. Muuguzi akamwambia iko kwenye sanduku la barafu la Mheshimiwa Waziri, na kwamba hutolewa kwa walio kwenye Orodha ya Watu Adimu tu. Orodha yenyewe ilikuwa na watu kumi na wawili, kumi kati yao wakiwa ndugu.

Nyumbani Salhina alimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji siku nzima. Jioni alimwita mumewe uani, akamwambia bila kupandisha sauti. "Ulichokitundika mwenyewe, kakiandue mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi pole sina. Nataka mtoto wangu."

Wakati anafunga viatu akapigiwa hodi. Alikuwa Bi Somoe, kajitanda kanga, kakunja mikono kifuani.

"Shemeji, nimesikia unakwenda kwa wakubwa. Wangu naye kaanza jana. Hali, hanywi. Huko uendako usimsahau."

"Nitaleta ya wote wawili," Mlekwa akasema. Na alikuwa anamaanisha. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu baadaye mtapenda kumchukia, na mtakuwa na haki.

*

Kwanza alipita ofisi ya wilaya kusema kwamba taarifa yake ilikuwa na kosa. Afisa wa zamu alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa akili.

"Ndugu Mlekwa, taarifa ikishagongwa muhuri haikosei. Kama inatofautiana na ndege, basi ndege ndiye aliyekosea. Labda ulete ushahidi kutoka kwa mlinzi wake."

Kulipokucha akaenda kinamasini, maji yakimfika mapajani na ruba wakimning'inia miguuni. Ndani kabisa, kwenye kichuguu kikavu, akamkuta mlinzi wa korongo-shungi, Koplo Ndauka, mzee wa karibu kustaafu, kakaa kwenye kigoda mbele ya kiota kikubwa cha matete. Koplo alikuwa ndani ya chandarua.

"Hiki ni cha kazi," alisema kabla hajaulizwa.

Pembeni yake kulikuwa na daftari kubwa. Kila siku ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka: Ndege yupo. Amekula. Hana malalamiko. Mlekwa akaangalia kiota. Kilikuwa kimeota nyasi.

"Koplo, ndege yuko wapi?"

"Una kibali cha kuuliza?"

"Mimi ndiye niliyeandika ulinganisho."

"Ahaa. Kumbe ndiye wewe." Koplo akainua pindo la chandarua, akamkaribisha ndani. "Basi wewe ni wa nyumbani. Ndege alikufa siku ileile ya mizinga. Wa kwanza ulipopigwa alishtuka. Wa pili akaruka. Wa tatu akaanguka pale, chali. Ile kumi na minane iliyobaki ilikuwa ya mazishi, ila wapigaji hawakujua."

Mlekwa akakaa chini kwenye udongo. "Na mbu? Alipokuwa hai alikuwa anakula mbu?"

"Konokono. Alikuwa anakula konokono. Mbu walikuwa wanamng'ata yeye. Nimemwona kwa macho yangu haya anajikuna."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Koplo aliuliza taratibu, bila ubaya wowote. "Nikisema ndege kafa, mimi hapa nalinda nini? Na wewe huko unalinganisha nini? Mwanangu, nimebakiza miezi saba."

*

Mheshimiwa Waziri alikuwa amefikia kwenye nyumba ya wageni ya serikali, kujiandaa na Wiki ya Korongo-Shungi. Madirisha yote yalikuwa na nyavu mbili mbili, na mlangoni mtumishi alipuliza dawa kabla ya mgeni kuingia na baada ya kuingia. Waziri alikuwa amekaa sebuleni, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Nyuma yake, kwenye meza ndogo, kulikuwa na sanduku jeupe la barafu lenye nembo ya Taifa.

Mlekwa alisema yote kwa pumzi moja. Ndege amekufa. Hakuwahi kula mbu. Aliyesema anakula ni mimi, na mimi sikwenda kuangalia. Watoto wanakufa, Mheshimiwa, na wangu yumo.

Waziri alitikisa vidole vya miguu majini. "Hilo la ndege tunalijua," akasema.

"Mnalijua?"

"Tangu siku ileile. Ndugu Mlekwa, wewe ni mtaalamu wa kulinganisha, hebu linganisha. Ndege mmoja ni adimu. Asiyekuwepo kabisa je? Hakuna kitu adimu duniani kuliko kisichokuwepo. Alipokuwa hai tulikuwa na wasiwasi naye kila siku, ataugua, ataliwa na mamba, atahamia kwa jirani. Sasa hivi haugui, hahami. Heshima ya nchi imepanda."

"Na watoto, Mheshimiwa?"

"Watoto wapo wengi," alisema Waziri kwa upole. "Hesabu hiyo si ulitufundisha wewe?"

Waziri akamwonyesha kiti, akamweleza, kama baba anavyomweleza mwanawe, kwamba wiki ijayo wanakuja wageni kutoka nchi za mbali kuja kusoma mfano wa Madimbwi, na kwamba inahitajika taarifa ya pili inayosema ndege ni mzima na mlo wake umeongezeka. Taarifa hiyo itafaa iandikwe na mkono uleule wa kwanza. Mwandishi wake ataingizwa kwenye Orodha ya Watu Adimu, nafasi ya kumi na tatu. Mtumishi alikuwa tayari amefungua sanduku na kutoa pakiti moja, dozi ya mtoto.

"Naomba mbili," Mlekwa akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Kuna mtoto wa jirani. Naomba ya wawili, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Wawili tena? Wakishakuwa wawili hao si adimu."

Mlekwa akapiga magoti. Mimi sipendi kusimulia hapa. Alipiga magoti pale kwenye zulia, akalia, akataja jina la Mwanahija, akataja umri wake, akasema ni yatima wa baba. Waziri alisubiri mpaka amalize. Kisha akasema maji yanapoa na pakiti inapata joto, na kwamba dawa ikipata joto haifai hata kwa mmoja.

Akainuka, akakaa, akaandika. Kalamu yake iligoma, Waziri akamwazima yake. Aliandika kwamba korongo-shungi ni mzima wa afya na sasa hula mbu elfu sita na mia tatu kwa siku. Waziri akasoma juu ya bega lake, safari hii mwenyewe.

"Ongeza na tisa," akasema. "Kazi yako unaijua."

*

Alifika nyumbani giza linaingia. Salhina aliiona pakiti, akaiona ni moja, akaelewa. Alifunga mlango wa mbele na wa uani. Tunu alikuwa amelala kwenye mkeka aliousuka Bi Somoe, midomo imekauka.

"Tukigawa?" Salhina akanong'ona.

Miaka kumi na sita ya kazi ilimjibia. "Tukigawa tutazika wawili."

Salhina akachota maji kwa kikombe. Kisha akamwinua mtoto kichwa, akampa kidonge cha kwanza, akamziba mdomo kwa kiganja asitapike. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kiganja hakukiondoa mpaka mtoto alipomeza.

Hodi ikapigwa. Mlekwa akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Bi Somoe alikuwa kasimama na taa ya chemli.

"Vipi, shemeji?"

"Wamesema dawa hakuna, shemeji. Nimeomba sana."

Bi Somoe akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza mara ya pili. Kwa watu wa Majitope bwana afya alikuwa ndiye mtu msomi, na alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu, kwa ajili yao. "Mungu akulipe kwa kuhangaika," alisema, akarudi kwake.

Tunu alianza kutoa jasho siku ya tatu. Siku ya nne aliomba uji. Siku ya nne hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, Mwanahija alifariki. Mlekwa alichimba kaburi, akashika jeneza upande wa kichwani, akapokea pole za watu, maana kila mtu alijua namna watoto wale walivyokuwa. Mgambo walikuja makaburini kuangalia kama waombolezaji wanafukuza mbu. Wiki iliyofuata wageni wa nchi za mbali walikuja, wakatazama kinamasi kwa darubini, wakaonyeshwa daftari la Koplo Ndauka, wakaondoka wameridhika. Mlekwa aliwasomea taarifa yake akiwa kwenye kiti chake. Watu walifungua viganja, wakakagua, wakapiga makofi.

*

Ilipofika arobaini ya Mwanahija, baada ya watu kula na kutawanyika, Bi Somoe alikuja uani kwa Mlekwa. Alileta bakuli la wali uliobaki, kwa ajili ya Tunu, akasema mtoto anayetoka kuumwa anahitaji kula. Amekonda kidogo, alisema, lakini macho yake mazuri sasa, Mungu mkubwa. Salhina alilipokea bakuli, akaingia nalo jikoni, na hakutoka tena.

Bi Somoe akakaa kwenye kibaraza. Jua lilikuwa linazama na mikono yao ilikuwa wazi, kama sheria ilivyotaka.

"Shemeji, nina swali, usinione mjinga. Wewe umesoma, na wewe ndiye uliyeandika. Watu wengine wanasema maneno. Nataka nisikie kwako. Huyo ndege, kweli anakula mbu?"

Mlekwa alitazama miguu yake. Mtu anaweza kusema hapana kwa neno moja tu. Hata mtoto anaweza. Alilitafuta. Nyuma yake, ndani ya nyumba, Tunu alikuwa anacheka kitu na mama yake alikuwa anamnyamazisha.

"Anakula," akasema.

Bi Somoe alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu siku ya mazishi, yakateremka.

"Basi alhamdulillahi," alisema. "Maana usiku nilikuwa nakaa nawaza, mwanangu kafa kwa kitu gani? Nikawa sipati. Sasa angalau kuna kiumbe kimeishi."

Mbu mmoja akaja, akamzunguka Bi Somoe, akatua kwenye mkono wake, juu kidogo ya bangili, akaanza kunywa. Mlekwa alimwona akivimba na kuwa mwekundu. Akainua kiganja bila kufikiri, kiganja cha bwana afya, ampige.

Bi Somoe akamshika mkono katikati ya njia, akauteremsha polepole mpaka kwenye goti la Mlekwa mwenyewe.

"Mwache, Baba Tunu," alisema. "Mwache ashibe."